Leza ya kujitengenezea: GRBL imeingia kwenye Uno, lakini mraba unatoka mstatili na leza haizimiki

#1 fundi_kibatari

Wakuu, habari za humu ndani. Mimi ni seremala, niko Mbagala. Kazi yangu ni vitanda na makabati, ila siku hizi wateja wanaulizia vibao vya majina ya nyumba na saa za ukutani zenye maandishi. Kibao kimoja cha mninga chenye herufi kumi na mbili, kwa patasi na msasa, kinanimalizia siku nzima, halafu mteja anataka kulipa kama nimekiokota njiani. Ndipo nikaamua nitengeneze mashine ya leza mwenyewe.

Fremu nimeiunga kwa aluminiamu ya madirisha, mabaki ya kununua kwa kilo Gerezani. Vyuma vya kuteleza pamoja na mota mbili nimevitoa kwenye printa za ofisini zilizokufa. Mikanda ya GT2, puli za meno 20, Arduino Uno ya Kichina (bodi ndogo ya kompyuta), bodi ya CNC Shield V3 inayokaa juu yake, na draiva za A4988 (vibodi vya kuendesha mota) nimechukua Kariakoo. Pawa saplai ni ya 12 V. Leza ni ya bluu, tangazo linasema 40W. Eneo la kazi ni milimita 400 kwa 380.

Kupakia GRBL kwenyewe, yaani fimweya (programu ya ndani ya bodi) inayoendesha mota, kumenila siku tatu. Bodi ina chipu ya USB ya CH340, kompyuta ilikuwa haiioni mpaka nilipoiwekea programu yake ya draiva. Ikaiona, nikapakia, ikalalamika kwamba bodi haijibu, mara kumi mfululizo. Kumbe nilikuwa nimechagua poti ya bluetooth. Baadaye ikasema haipati faili la grbl.h. Kumbe zipu niliyopakua ina folda ndani ya folda, na linalotakiwa kuingizwa kwenye maktaba ya Arduino ni lile dogo la ndani linaloitwa grbl, si zipu nzima. Jana saa sita usiku ndipo nikaona maandishi haya:

Grbl 1.1h ['$' for help]

Nikamwamsha mke wangu aje aone. Akatazama, akasema "ndiyo hicho?", akarudi kulala.

Sasa matatizo. Leza inawaka mara tu nikiwasha mashine na haizimiki kwa amri yoyote. Nimeichomeka kwenye pini za SpnEn kama fundi mmoja alivyoonyesha kwenye video. Kwa kuwa haizimiki nimeitoa, nikafunga kalamu ya wino mahali pake. Nikaagiza mraba wa milimita 20. Umetoka mstatili: X ni 62 na nusu, Y ni 125. Nimepima kwa rula ya chuma, mara tatu, haibadiliki.

Namba chache kutoka kwenye amri ya $$, inayoorodhesha setingi, ni hizi:

$32=0
$100=250.000
$101=250.000
$110=500.000
$120=10.000

Msaada wenu wakuu. Nahisi fimweya imeingia vibaya.

#2 dogo_bodi

Mkuu unateseka bure. Uno ni ya kizamani, biti 8, RAM kilobaiti 2. Chukua bodi ya ESP32, weka fimweya ya FluidNC, setingi zote unaandika kwenye faili moja la config.yaml, unaendesha kwa Wi-Fi kutoka kwenye simu. Futa hiyo GRBL.

#3 Mtazamaji_tu

Nimeweka kigoda. Kahawa iko wapi?

#4 MzeeSolda

dogo_bodi mdogo wangu, mtu kaja na gari lenye pancha, wewe unamwambia anunue gari jingine.

fundi_kibatari, fimweya yako haina ubaya wowote. Umepima vizuri, na vipimo vyako viwili vimenitajia ugonjwa bila hata picha. GRBL ikiingia kwenye bodi mpya inakuja na namba za kuanzia ambazo si za mashine yako. $100 na $101 zikiwa 250, inaamini kwamba mota inahitaji mapigo 250 ili mhimili usogee milimita moja. Wewe je? Mota ya aina hiyo ina hatua 200 kwa mzunguko. A4988 yenye jampa zote tatu chini yake (vile vikofia vya kuunganisha pini mbili) inagawa kila hatua mara 16, jumla 3,200. Puli ya meno 20, kwenye mkanda ambao jino na jino vimeachana milimita 2, inavuta milimita 40 kwa mzunguko. 3,200 gawa kwa 40 ni 80. Sasa chukua 250 gawa kwa 80, unapata 3.125. Zidisha kwa 20. Ni 62.5, ndiyo X yako hiyo.

Y imetoka mara mbili kamili ya X. Mkanda ukilegea, au puli ikiteleza, unapata namba za ovyo: 118, 121, 97. Ikitoka mara mbili kamili, na mara tatu mfululizo, hapo kuna mgawanyo wa hatua uliokosewa: Y inagawa kwa 8 badala ya 16. Zima pawa saplai, chomoa na USB, ng'oa draiva ya Y taratibu utazame chini yake. Naweka dau la soda kwamba utakuta jampa mbili. Ukiirudisha, hakikisha pini ya EN ya draiva inakaa kwenye EN ya bodi. Ukiigeuza, itakuaga kwa moshi.

Leza nayo haina kosa, kosa ni umri wa video. Bodi ya V3 ilichorwa kwa ajili ya GRBL za zamani, ambazo pini 12 iliwasha spindo (mota ya kuchonga) na pini 11 ilikuwa swichi ya ukomo, ile inayoguswa mhimili ukifika mwisho, ya Z (mhimili wa juu na chini). Kuanzia toleo la 0.9 walizibadilishana, kwa sababu pini 11 ndiyo yenye uwezo wa kutoa PWM, yaani kuwasha na kuzima haraka sana ili kupunguza au kuongeza nguvu. Maandishi kwenye bodi yakabaki yale yale. Kwa hiyo palipoandikwa SpnEn, kwenye GRBL 1.1, ni mlango wa swichi ya Z, na mlango huo ndani ya chipu umevutwa juu kwa rezista. Leza yako inaona volti pale, inaamini imeitwa kazini. Hamisha waya wa ishara uende kwenye pini ya Z+ (au Z-, zote ni pini 11 ile ile), na ardhi iende ardhi. Umeme mkubwa wa leza utoke moja kwa moja kwenye pawa saplai yake, usipite kwenye Uno hata kidogo.

Jambo moja kabla hujaiwasha. Uno inapoanza upya, kwa nusu sekunde au zaidi pini zake zinaelea, hazina amri ya mtu. Moduli nyingine hapo zinafyatua mwanga kwa nguvu zote. Weka rezista ya kilo-omu 10 kati ya waya wa ishara na ardhi. Ni kitu cha bei ya pipi.

#5 bint_Shangani

Assalaam alaykum. Kaka, kabla ya rezista, macho yako yamefunikwa na nini?

Nauliza kwa sababu hujataja miwani. Mimi nachora vibao vya mbao na visanduku hapa Unguja, mwaka wa nne sasa, na naona watu wanavyoanza. Leza ya bluu ya wati kadhaa iko daraja la 4, daraja la mwisho kabisa la hatari. Hata mwanga uliogonga kitu na kurudi unaweza kulidhuru jicho kabla hujapepesa. Na wewe umesema fremu ni aluminiamu ya madirisha! Hicho ni kioo kilicholala. Ipake rangi nyeusi isiyong'aa, sehemu zote zinazotazamana na leza.

Miwani ya jua haifai. Ile ya kijani inayokuja bure ndani ya boksi nami siiamini. Tafuta iliyoandikwa kwamba inazuia nanomita 450, OD (kiwango cha kuzuia mwanga) 4 au zaidi, na iandikwe kwenye lenzi au fremu yenyewe. Nunua mbili, kwa sababu huyo shemeji uliyemwamsha usiku atakuja tena kuchungulia.

Na hiyo 40W usiitegemee. Mara nyingi ni wati za umeme unaoingia, au za tangazo tu. Mwanga wenyewe huwa kama wati 5. Kwa kuchora mbao unatosha sana, kwa kukata mninga sahau.

#6 fundi_kibatari

Dada bint_Shangani, nimesoma nikanyamaza. Nilikuwa nimevaa miwani ya jua. Mashine inasimama mpaka miwani ifike.

Mzee MzeeSolda, shikamoo. Soda yako ipo. Nimeng'oa draiva ya Y, chini kuna jampa mbili. Ya tatu nimeikuta kwenye kopo la misumari, sijui ilifikaje. Nimeirudisha, nikaandika $100=80 na $101=80, nikarudia mraba kwa kalamu. X 20, Y 20 kasoro unywele.

Lakini nikiandika neno linatoka kinyume, kama limesomwa kwenye kioo.

#7 MzeeSolda

Marahaba mwanangu.

Usigeuze mota, usiguse waya. Andika $3=1. Hiyo $3 ni jumla ya mihimili inayogeuzwa: X ni 1, Y ni 2, Z ni 4. Ukitaka X na Y zote zigeuke, andika 3. Setingi hizi zinakaa kwenye EEPROM ya chipu, kumbukumbu isiyohitaji umeme, ukizima zinabaki, hata ukipakia GRBL ile ile upya kwa kawaida zinabaki. Ukizivuruga mpaka hujui ulipo, $RST=$ inazirudisha za mwanzo. Kwa hiyo zinakili kwenye daftari. Si kwenye simu, daftari. Ulibandike ukutani karakana.

Ukitaka kupima Y kwa haki, usipime kwa mraba wa 20. Agiza milimita 300, upime 300. Kosa la nusu milimita kwenye 20 hulioni vizuri, kwenye 300 linakusalimia kwa jina.

#8 Mwanajuakali

Salamu kutoka Nairobi. Mimi nilijenga ya kuchonga, si leza: spindo ndogo, skrubu za T8, fremu ilichomelewa Kamukunji na jamaa ambaye hakuniuliza ni ya nini. Skrubu zangu zinasogea milimita 8 kwa mzunguko, kwa hivyo 3,200 kwa 8, $100=400. Nimeandika kwa ajili ya yule atakayekuja baadaye na skrubu badala ya mkanda. Na kama umetumia ile fito ya nyuzi ya M8 ya kawaida, inasogea milimita 1.25 tu kwa mzunguko, utapata 2,560. Hapo ndipo Uno inachoka kweli, kwa sababu GRBL inatoa mapigo kama elfu 30 kwa sekunde na si zaidi. Gawa utaona: mashine itatambaa chini ya milimita 12 kwa sekunde.

fundi, nakuonya mapema kuhusu swichi za ukomo, maana najua ndizo zinafuata. Mimi zilinikalisha wiki mbili.

#9 fundi_kibatari

Miwani imefika. Fremu nimeipaka rangi nyeusi. Rezista ya kilo-omu 10 nimeiweka. Leza inatii: M3 S100 inawaka hafifu, M5 inazima. Nimechora kwa mara ya kwanza jina la mwanangu kwenye kipande cha plaiwudi.

Ila kuna mambo mawili. Kwanza, rangi ni hafifu mno hata nikiweka asilimia 100 kwenye programu. Pili, kwenye kona na mwanzo wa kila mstari kuna nukta nyeusi iliyoungua, katikati ya mstari pamepauka.

#10 MzeeSolda

La kwanza ni lugha mbili zisizoelewana. Tazama $30. GRBL inakuja nayo ikiwa 1000, maana yake S1000 ndiyo nguvu kamili. Kama programu yako ya kompyuta inadhani kilele ni 255, ukiiambia asilimia 100 inatuma S255, na GRBL inatoa robo ya nguvu kwa utiifu kabisa. Badilisha kwenye programu iwe 1000, au badilisha $30 iwe 255. Upande mmoja tu, usibadilishe pande zote mbili kisha ukarudi hapa.

La pili, umeacha $32=0. Hiyo inaiambia GRBL kwamba umebeba spindo ya kuchonga. Andika $32=1, iwe leza. Ndani ya programu chagua M4 badala ya M3. M3 inashikilia nguvu ile ile hata kichwa kinapopunguza mwendo kukata kona, ndiyo maana kona inaungua. M4 inapunguza nguvu kadiri mwendo unavyopungua, na mashine ikisimama leza inazima. Kwa mbao ni M4 siku zote. Kwangu mimi hii ndiyo sababu kubwa ya kutumia 1.1 na si toleo la zamani.

Halafu ongeza mwendo, ndugu yangu. $110=500 ni milimita 500 kwa dakika, mwendo wa bibi harusi. Mkanda unaruhusu mara kumi ya hapo. $120=10 ni kuongeza mwendo polepole mno. Panda kidogo kidogo: 100, 200, 400, ukiona inatetemeka rudi nyuma.

#11 Mtazamaji_tu

Mwendo wa bibi harusi 😂 Mzee umeniua.

#12 fundi_kibatari

Nimefanya yote. M4 imekuwa muujiza, kona safi. $110 na $111 nimeweka 5000, $120 na $121 nimeweka 400.

Sasa limekuja jipya na limenikatisha tamaa. Nachora "KARIBU". K, A, R ziko sawa. Kuanzia I, herufi zinahama kulia milimita 3 au 4, kama mtu kavuta ubao. Safari nyingine zinahama kwenye B. Ni X tu, Y iko imara. Nilishusha mwendo mpaka 2000, bado.

#13 dogo_bodi

Nilisema mimi. Uno imeshindwa kubeba.

#14 MzeeSolda

Haijashindwa. Kwa hatua 80 kwa milimita, mapigo elfu 30 kwa sekunde yangekupeleka milimita 375 kwa sekunde. Fundi yuko kwenye 83. Hajafika hata robo.

Mhimili mmoja ukihama, kuna njia mbili. Ama mota imepigiwa mapigo na haikuzunguka, ama imezunguka na mkanda haukufuata. Anza na mota. Weka mita kwenye volti za DC, waya mweusi kwenye ardhi ya bodi, mwekundu gusa kile kiskrubu kidogo cha draiva ya X. Umeme wa 12 V uwe umewaka. Tuletee namba. Soma pia virezista viwili vyeusi karibu na chipu, vimeandikwa R100 au nini?

Usichomoe waya wa mota umeme ukiwa umewaka. Narudia hilo kwa kuwa draiva za A4988 zilizokufa duniani, nyingi zimekufa hivyo.

#15 fundi_kibatari

Mzee ungelisema wiki iliyopita ningebaki na draiva nne.

Virezista ni R100. Mita inasoma 0.31 V. Mota zimeandikwa 1.2 A.

#16 MzeeSolda

R100 ni omu 0.1. Kwa A4988, volti hiyo ni sawa na ampia mara 8 mara 0.1. Kwa hiyo 0.31 gawa kwa 0.8 ni ampia 0.39. Mota ya 1.2 A unailisha uji wa mgonjwa. Zungusha kiskrubu robo ya robo, kwa bisibisi ndogo, mpaka isome 0.8 V. Hapo una ampia 1. Bandika bati la kupozea na uweke feni, kwa sababu kufika hapo bila kupozwa chipu inapata joto mpaka inajizima yenyewe kwa muda, na ikijizima unapoteza hatua upya.

#17 fundi_kibatari

Nimeweka 0.8 kwa X na Y. Feni ya kompyuta inapuliza. Mota zina nguvu sasa, nikishika mkanda kwa mkono inanivuta.

Bado inahama. Safari hii kwenye U.

#18 Mwanajuakali

Chukua kalamu ya wino usiofutika. Chora mstari mmoja kwenye uso wa puli ya X, kutoka kwenye shafti hadi kwenye puli, kama mshale wa saa. Chora kazi yako. Ikihama, simamisha, tazama mstari.

#19 fundi_kibatari

Wakuu.

Mstari umekatika. Nusu iliyo kwenye shafti inaelekea saa kumi na mbili, nusu iliyo kwenye puli inaelekea kama saa kumi na mbili na dakika tano. Puli inateleza juu ya shafti. Kile kiskrubu cha puli nilikikaza, ila shafti ya mota hii ni mviringo mtupu, haina ubapa wa kukishikia.

Nimeisugua shafti kwa tupa kupata kibapa kidogo, nikakaza kiskrubu hapo juu, na tone la gundi ya nyuzi. Kabla ya kusugua nimefunika mota kwa nailoni, unga wa chuma usiingie ndani. "KARIBU NYUMBANI" mara nne mfululizo, hakuna herufi iliyohama.

Siku tatu nimelaumu programu, kumbe kiskrubu kidogo kuliko punje ya mchele.

#20 bint_Shangani

Hongera kaka. Utachora nini kingine zaidi ya mbao?

#21 fundi_kibatari

Dada, nafikiria vishikio vya funguo vya ngozi. Nina mabaki mengi ya ile ngozi bandia ya kushonea viti vya gari.

#22 bint_Shangani

Hiyo usiiguse kabisa. Ngozi bandia ya viti mara nyingi ni PVC. Ikiungua kwa leza inatoa gesi ya kloridi ya hidrojeni. Ikikutana na unyevu ni asidi. Kwanza inachoma kifua, kisha inakula beringi, vyuma na lenzi. Mashine itapiga kutu kama imelala baharini. Bomba za maji na mabango ya vinili nayo ni hivyo hivyo.

Kama unataka ngozi, tafuta halisi iliyotengenezwa kwa magome ya miti. Na hata ukichoma mbao tupu, moshi utoke nje kwa feni na bomba. Usiiache mashine peke yake hata dakika ya kwenda kununua vocha. Mimi ndoo ya mchanga haikauki pembeni, na blanketi zito.

Plastiki angavu ya akriliki nayo utaijaribu, najua. Haitaungua. Mwanga wa bluu unaipita kama dirisha, unachoma meza.

#23 fundi_kibatari

Nimefunga swichi za ukomo, mbili, moja X moja Y. Mwanajuakali ulitabiri. Nikiandika $H, amri ya kwenda kutafuta swichi hizo, mashine inatulia kimya, kama inafikiri, halafu ALARM:9. Na kila jirani akiwasha randa ya umeme napata ALARM:1, mashine inasimama katikati ya kazi.

#24 Mwanajuakali

Hapa sasa ndipo fimweya yenyewe inahitaji mkono. GRBL imeandikwa kwa mashine ya mihimili mitatu. Ikiagizwa $H inapandisha Z kwanza ili kisu kisigonge kazi, halafu ndiyo X na Y. Wewe huna Z, kwa hivyo inasubiri swichi ambayo haipo, inakata tamaa, inakupa 9. Fungua folda la grbl, faili la config.h, tafuta mistari ya HOMING_CYCLE. Ile miwili ya mwanzo iwekee // mbele, ili isisomwe. Chini yake kuna mfano wa mashine ya mihimili miwili, unaopeleka X na Y pamoja. Uondolee // zake. Hifadhi, pakia upya kwenye Uno. Ni hayo tu, lakini mimi yalinichukua wiki kwa kuwa nilikuwa natafuta kosa kwenye waya.

Kwa kawaida inakwenda kutafuta swichi za kulia juu. Kama zako ziko kushoto chini, $23=3.

Hiyo ALARM:1 ni kelele ya umeme. Waya wa swichi umeupitisha pamoja na wa mota, sivyo? Utenganishe, usokote waya mbili za swichi pamoja, halafu kapasita ya mikrofaradi 0.1 kati ya ishara na ardhi, karibu na bodi. Usizime $21, ulinzi wa swichi za ukomo, kwa hasira.

#25 fundi_kibatari

Nyaya zote zilikuwa zimefungwa pamoja kwa tepu, nikiona ndiyo usafi. Nimetenganisha, nimeweka kapasita. Randa inapiga kelele hapo nje na mashine haijali. $H inakwenda kona, inagusa, inarudi milimita moja. Nimeitazama mara kumi bila sababu.

Na faida nimeiona jana hiyo hiyo. Umeme ulikatika kibao kikiwa nusu. Uliporudi, nikapiga $H, nikaenda sifuri ya kazi, ikarudi pale pale.

#26 MzeeSolda

Ilirudi kwa sababu sifuri yako ilikuwa G54, ambayo inahifadhiwa kwenye EEPROM. Ukiweka sifuri kwa G92, umeme ukikatika imekwenda. Wenye umeme wa kukatika wasiitumie kabisa.

#27 dogo_bodi

Mzee naheshimu. Lakini nina swali la haki. Akianza kuchora picha za watu je? Picha ni nukta. Kila nukta ni kama herufi kumi za amri. Uno inasikiliza kwa biti 115200 kwa sekunde, yaani herufi elfu 11 na ushee kwa sekunde. Nukta 1,100 hivi. Kwa nukta za milimita 0.1 ni milimita 110 kwa sekunde, na hiyo ni kwa karatasi tu. Kwa vitendo itaanza kusitasita, na ikisita inaacha madoa.

#28 MzeeSolda

Hapo umesema kweli, mdogo wangu, na hesabu umeiweka vizuri kuliko ningeiweka mimi. Kwa picha za nukta nyingi ESP32 inamshinda mzee huyu. Uno ya GRBL ni kazi iliyoanzishwa 2009 na Mnorwe Simen Svale Skogsrud, ikalelewa miaka mingi na Sungeun Jeon, na chipu imejaa karibu mpaka ukingoni, haina nafasi ya kuongeza kitu. Angalia tu kwamba ESP32 inatoa volti 3.3, na moduli nyingine za leza zinataka 5 ndipo zisikie. Ila kwa vibao vya herufi, fundi asitumie hata shilingi.

#29 fundi_kibatari

Kibao cha kwanza cha kulipwa kimeondoka leo. Mninga, kuchora dakika 26, halafu kupiga vanishi kwa muda wa saa mbili. Mteja akauliza nimechonga kwa mkono? Nikamwambia ukweli. Akataka kupunguziwa bei.

#30 Mtazamaji_tu

Mwambie umeme ni wa mkono.

#31 msomi_wa_Buja

Habari zenu. Nimesoma uzi wote. Mimi ni mwanafunzi, natumia vimota vya ndani ya deki za DVD, na Uno na shield kama ya fundi. Nimeandika $100=80 kama yeye lakini mstari wa milimita 30 unatoka 22 na nusu. Tatizo ni fimweya?

#32 fundi_kibatari

Karibu mdogo wangu. Si fimweya. 80 ni ya mkanda wangu. Vimota hivyo kwa kawaida vina hatua 20 tu kwa mzunguko, na kiskrubu chake kinasogea milimita 3. Kama jampa zote tatu zipo, 20 mara 16 gawa kwa 3 ni 106.667. Sasa chukua 80 gawa kwa hiyo, zidisha kwa 30, utapata 22.5 yako. Andika $100=106.667, na $101 hivyo hivyo, upime tena kwa rula.

Volti za draiva shusha sana, vimota hivyo ni vidogo, vikichemka havishikiki. Na usichomoe waya umeme ukiwa umewaka. Una miwani?